Nafasi ya Insha katika Uandishi wa Programu

Uandishi wa programu za kompyuta aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya tarakimu, isiyomhusu mtaalamu wa lugha. Habari za Donald Knuth, wa Chuo Kikuu cha Stanford, zakanusha dhana hiyo. Mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la kitabu chake; chapa yake ikamchukiza, akaazimia kuunda mwenyewe programu ya kupangia maandishi, TeX. Katika kazi hiyo alikuza mtindo alioueleza mwaka 1984: mwandishi wa programu ajihesabu mtunzi wa insha, amweleze binadamu kile anachotaka kompyuta itende, kwa mpangilio unaofuata fikra za msomaji wala si matakwa ya mashine. Kutoka waraka uo huo mmoja hutolewa maagizo ya mashine, na pia maandishi ya kuchapishwa. Naam, programu nzima ya TeX ilichapishwa kama kitabu mwaka 1986.

Mtindo huo haukuenea sana viwandani, jambo la kusikitisha. Hata hivyo Edsger Dijkstra alikwisha kudai mwaka 1975 kwamba, pamoja na mwelekeo wa hisabati, umilisi wa lugha ya mama ndio rasilimali kuu ya fundi wa programu. Lugha ya mama, wala si Kiingereza: yake ilikuwa Kiholanzi.