Neno Nililolificha

Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilipokuwa zikibomolewa Sasimwani, katika Msitu wa Mau, mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya usiku ya kusimamia ukurasa wetu wa Facebook. Ni ukurasa mdogo wa wanafunzi wa historia. Kwa kawaida tunabishania tarehe. Tuliweka picha ya mizinga ya nyuki juu ya mti na mistari miwili kuhusu bomoabomoa. Maoni yakamiminika. "Wandorobo warudi porini," aliandika mmoja, kana kwamba si porini huko huko walikokuwa wakifukuzwa.

Neno hilo nalijua. Nyumbani kwetu Elburgon tulimtania nalo mtoto aliyekataa kuoga. Basi kwa aibu, na kwa uvivu pia, nikalitia kwenye orodha ya maneno yanayofichwa na mtambo wenyewe, nikalala.

Asubuhi nilikuta ujumbe kutoka kwa mzee mmoja wa Mariashoni. "Kijana, umeficha maneno yangu ukaacha ya wanaonitukana." Nikaenda kutazama. Ni kweli. Watukanaji walikuwa wameshahamia maneno mengine ambayo orodha yangu haikuyajua. Yeye alikuwa ameeleza kwamba kipande cha baba yake kiliandikwa "Dorobo", na kwamba baba yake hakuwahi kujiita hivyo hata siku moja.

Siku hiyo sikugusa tasnifu yangu. Nilisoma kuhusu neno moja tu. Linatokana na Kimaasai, *il-torobo*, watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Ni jina la jirani mfugaji kwa jirani mla asali, na kwa kiwango hicho ni dharau ya kawaida ya majirani. Waingereza walilichukua wakalifanya jina la kabila kwenye makaratasi yao. Kisha Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ikapendekeza katika ripoti yake iliyotoka 1934 kwamba hao "Dorobo" wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo. Kukosa ng'ombe kulikuwa kumegeuka kukosa ardhi. Wakati huo huo, ndani ya Mau, kila ukoo ulijua kipande chake cha msitu na mizinga yake, ya chini na ya juu mlimani, kwa kufuata misimu ya maua.

Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Waogiek ni watu wa asili na kwamba haki yao ya ardhi ilivunjwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na ardhi yao ipimwe na kupewa hati. Bomoabomoa ya Sasimwani ilikuja miezi kumi na saba baadaye. Ndiyo maana sikubali wanaosema yale yalikuwa maneno ya mtandaoni tu. Aliyeandika "warudi porini" alikuwa anarudia hoja ya mwaka 1934, bila hata kujua.

Nililiondoa neno kwenye orodha. Sasa tunasoma maoni moja moja, na tunachoka. Nikiwa katika kazi hiyo huwafikiria wale vijana wa Nairobi waliosomea Facebook matusi ya nusu ya bara kwa mshahara, wakaishia mahakamani kudai haki zao. Mimi hulipwa chai tu, lakini mimi huijua Elburgon. Hilo ni jambo ambalo mtambo hauna.

Maoni ya mzee niliyarudisha siku ya tatu, kwa sababu wenzangu wawili waliogopa kwamba yangewasha moto upya. Hayakuwasha. Watu walikuwa wameshahamia picha nyingine, na yalipata like nne. Mzee alinipigia simu jioni hiyo. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza: alitaka kujua kama maoni yanaweza kurekebishwa, maana alikuwa amekosea jina la kilima.