Athens, Georgia: Mji Uliozaliwa na Chuo Kikuu

Athens ni mji ulioko kaskazini-mashariki ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, takriban kilomita 110 kutoka Atlanta, makao makuu ya jimbo hilo. Katika nchi nyingi chuo kikuu hujengwa mahali ambapo mji umekwisha kusimama. Hapa mambo yalikwenda kinyume: chuo kilitangulia, na mji ukaota pembeni mwake. Kwa hiyo historia ya Athens haitenganishwi na historia ya Chuo Kikuu cha Georgia, na kila mara chuo kilipopanuka, mji nao ulibadilika, kwa faida ya baadhi ya wakazi wake na kwa hasara ya wengine.

Bunge la Georgia lilipitisha hati ya kuanzisha chuo hicho tarehe 27 Januari 1785, miaka miwili kabla ya kuandikwa kwa Katiba ya Marekani. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza nchini humo kupewa hati na serikali ya jimbo. Mwandishi wa hati hiyo, Abraham Baldwin, ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, na baadaye akawa miongoni mwa waliotia saini Katiba. Hata hivyo, kwa miaka 16 chuo kilikuwepo kwenye karatasi tu, bila jengo, bila mwalimu, bila mwanafunzi. Mwaka 1801 John Milledge, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo, alinunua ekari 633 kwenye kilima kilicho juu ya Mto Oconee, mpakani mwa nchi ya Wacreek na Wacherokee, akazitoa kwa ajili ya chuo. Mahali hapo pakaitwa Athens kwa kuikumbuka Athens ya Ugiriki, mji wa Plato na shule yake. Josiah Meigs, aliyemfuata Baldwin katika uongozi, alianza kufundisha mwaka huohuo, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1804. Jengo la kwanza la kudumu, linaloitwa hadi leo Old College, lilikamilika mwaka 1806. Ndio mwaka ambao Athens yenyewe ilitambuliwa rasmi kuwa mji.

Karne ya 19 ilileta viwanda vya nguo kando ya mto, na reli iliyofika mwaka 1841. Nyuma ya pamba ya viwanda hivyo na nyuma ya nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe, ambazo wageni huzipiga picha hadi leo, kulikuwa na utumwa. Mwaka 1860 karibu nusu ya wakazi wa Kaunti ya Clarke, ambayo Athens ni makao yake makuu, walikuwa watumwa. Kazi yao ilikihudumia chuo pia. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe chuo kilifungwa kwa muda, kikafunguliwa tena Januari 1866. Mizinga ya vita hivyo iliyotengenezwa Athens ni pamoja na mmoja wa midomo miwili, uliokusudiwa kurusha kwa pamoja tufe mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Ulipojaribiwa mwaka 1862 haukufanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mji umeuhifadhi hata hivyo, nao unasimama mbele ya ukumbi wa serikali ya mji.

Baada ya kukombolewa, Wamarekani Weusi wa Athens walijijengea mji wao ndani ya mji. Shule iliyojulikana baadaye kama Knox Institute ilifunguliwa mwaka 1868. Mwaka 1910 mfanyabiashara Mweusi Monroe Bowers Morton alikamilisha jengo lenye ukumbi wa maonyesho kwenye makutano ya mitaa ya Washington na Hull, mahali palipoitwa Hot Corner, yaani kona yenye shughuli nyingi. Ndani yake kulikuwa na ofisi za madaktari, na Ida Mae Hiram, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata leseni ya udaktari wa meno katika Georgia, alitibu wagonjwa wake huko. Ukumbi wa Morton ungalipo, na bado unatumika kwa maonyesho.

Chuo chenyewe kilikuwa cha Wazungu peke yao, na hadi mwaka 1918 kilikuwa cha wanaume peke yao. Wanawake Wazungu waliingia mwaka huo. Weusi walingoja miaka 43 zaidi. Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, waliosoma pamoja shule ya sekondari Atlanta, waliomba nafasi mwaka 1959 wakakataliwa kwa visingizio mbalimbali, kikiwemo uhaba wa vitanda bwenini. Tarehe 6 Januari 1961 Jaji William Bootle wa mahakama ya shirikisho aliamuru wapokewe. Siku tatu baadaye walikwenda kujiandikisha. Usiku wa tarehe 11 umati ulizingira bweni la Hunter, mawe yakarushwa na madirisha yakavunjika. Uongozi wa chuo uliwasimamisha masomo wao wawili, kwa hoja ya kuwalinda, wakarudishwa Atlanta usiku uleule. Mahakama iliamuru warudi, nao wakarudi tarehe 16. Sheria za jimbo wakati huo ziliagiza fedha zikatwe kwa taasisi yoyote itakayochanganya wanafunzi wa rangi mbalimbali. Zingefuatwa, chuo kingefungwa. Bunge liliona afadhali kuzifuta kabla mwezi haujaisha.

Wote wawili walihitimu mwaka 1963. Holmes akawa daktari wa mifupa, na Hunter, anayejulikana sasa kwa jina la Charlayne Hunter-Gault, akawa mwandishi wa habari na kwa miaka mingi aliripoti kutoka Johannesburg. Lakini Mweusi wa kwanza kupata shahada hapo alikuwa Mary Frances Early, mwalimu wa muziki aliyehamia kutoka chuo kingine na kumaliza shahada ya uzamili mwaka 1962. Jina lake lilisahaulika kwa miongo kadhaa. Mwaka 2020 kitivo cha elimu kilipewa jina hilo.

Wakati milango ya madarasa ikifunguliwa, mlango mwingine ulikuwa ukifungwa umbali mfupi kutoka hapo. Linnentown kilikuwa kitongoji cha Wamarekani Weusi kilichopakana na chuo upande wa magharibi. Kilikuwa na familia zipatazo 50, nyingi zikiishi katika nyumba zao wenyewe: mafundi, wapishi, madobi na wafanyakazi wa chuo. Vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakimiminika vyuoni, na chuo kilihitaji mabweni. Mwaka 1962, kwa kutumia fedha za shirikisho zilizotengwa kwa mpango wa kuboresha miji, serikali ya mji na chuo vilianza kulitwaa eneo hilo. Neno lililotumika kulieleza lilikuwa "makazi duni". Wenye nyumba walilipwa kiasi ambacho wengi hawakuweza kukitumia kununua nyumba nyingine ya hadhi ileile, wakatawanyika, wengine wakaishia kuwa wapangaji katika nyumba za serikali. Mahali pao palijengwa mabweni matatu ya ghorofa nyingi, Creswell, Brumby na Russell, ambayo kila moja hulaza karibu wanafunzi 1,000. Hadi leo maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulala hapo, wengi wao bila kujua kwamba palikuwa na mtaa.

Waliokumbuka ni watoto wa mtaa huo, waliokwisha kuwa wazee. Wakiongozwa na Hattie Thomas Whitehead, walifuatilia hati za zamani za serikali ya mji na kudai jambo hilo litamkwe hadharani. Februari 2021 serikali ya Athens-Clarke ilipitisha azimio la kukiri na kuomba radhi. Katiba ya Georgia inazuia fedha za umma kutolewa kama zawadi kwa mtu binafsi, hivyo fidia ilielekezwa kwenye makazi ya gharama nafuu na uhifadhi wa historia ya Weusi wa mji, si kwenye mifuko ya waliofukuzwa. Chuo chenyewe hakikuwa sehemu ya azimio hilo.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2015, mafundi waliokuwa wakipanua jengo la Baldwin Hall walifukua mabaki ya watu zaidi ya 100. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Afrika, na inaaminika walikuwa watumwa. Mabaki yalizikwa upya mwaka 2017, lakini viongozi wa Weusi walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo katika uamuzi huo. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mbele ya jengo hilo mwaka uliofuata.

Nje ya Georgia, jina la Athens limesambazwa zaidi na muziki. Kodi za nyumba zilikuwa ndogo, shule ya sanaa ya chuo ilikuwa na wanafunzi wenye ubunifu, na burudani za kibiashara zilikuwa chache. Vijana wakajitengenezea za kwao. Kundi la The B-52's lilipiga kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya nyumbani Februari 1977. R.E.M. walianza Aprili 1980 ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa makazi, na albamu yao ya kwanza, Murmur, ilitoka mwaka 1983. Albamu yao ya 1992, Automatic for the People, ilichukua jina kutoka kwa kauli mbiu ya mkahawa wa mjini hapo unaouza vyakula vya asili vya Wamarekani Weusi. Klabu ya 40 Watt, iliyopewa jina kutokana na balbu moja iliyokuwa ikimulika chumba chake cha mwanzo, bado inafungua milango.

Siku za Jumamosi za majira ya vuli, futiboli ya Kimarekani ndiyo hutawala. Uwanja wa Sanford, uliofunguliwa mwaka 1929, huingiza zaidi ya watu 92,000, na timu ya chuo ilitwaa ubingwa wa taifa kwa misimu ya 1980, 2021 na 2022. Kwa wasomaji wa Afrika uwanja huo una kumbukumbu nyingine. Ni hapo, tarehe 3 Agosti 1996, Nigeria ilipoifunga Argentina 3-2 katika fainali ya Michezo ya Olimpiki na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kutwaa dhahabu ya kandanda. Ua maarufu wa mimea unaouzunguka uwanja ulilazimika kung'olewa ili soka ipate nafasi, kisha ukapandwa upya.

Kiswahili nacho kina makazi hapo. Chuo hicho hufundisha lugha za Kiafrika kikiwemo Kiswahili, na Profesa Lioba Moshi, Mtanzania aliyeandika kitabu cha Mazoezi ya Kiswahili, alikifundisha huko kwa miaka mingi na kuiongoza taasisi ya taaluma za Afrika.

Serikali ya mji na ya kaunti ziliunganishwa mwaka 1991, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 128,671. Wanafunzi wanazidi 40,000. Chuo ndicho mwajiri mkubwa kuliko wote, lakini ardhi yake, ikiwa mali ya jimbo, haitozwi kodi ya majengo ambayo hugharamia shule na zimamoto. Kiwango cha umaskini ni zaidi ya wastani wa jimbo. Takwimu hiyo hukuzwa na wanafunzi wasio na kipato, ingawa hata wakiondolewa, familia nyingi za wapishi, wasafishaji na wafanyakazi wa viwanda vya kuku hubaki chini ya mstari. Ghorofa za anasa za wanafunzi zimepanda katikati ya mji, na kodi zimepanda pamoja nazo. Mwaka 2024 chuo kiliidhinishiwa kuanzisha shule yake ya udaktari, katika eneo lililokuwa shule ya ugavi ya Jeshi la Wanamaji hadi ilipohamishwa mwanzoni mwa muongo uliopita. Safari hii ardhi ya upanuzi ilikuwa tayari mikononi mwa serikali, na hakuna familia iliyohamishwa.