Geji Tatu Juu ya Dashibodi: Swaga Iliyoanzia Kwenye Rejeta

Picha unaijua. Toyota Chaser ya miaka ya 90, usiku, na juu ya dashibodi geji tatu za duara zinawaka buluu. Laiki zinamiminika, komenti zimejaa watu wanaulizana bei. Wanaouliza zinasoma nini ni wachache mno.

Wengi wanadhani mambo haya yaliletwa na filamu ya The Fast and the Furious ya 2001. Wapi! Mchezo huu umeshapita miaka 100. Ford Model T ilipotoka 1908 haikuwa na geji ya joto kabisa. Dereva alijua gari limechemsha akiona mvuke. Miaka ya 1910 ikaja MotoMeter, kipimajoto kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, huko nje mbele ya boneti, na dereva akakisoma kupitia kioo. Hakikuja na gari, ulinunua mwenyewe. Haukupita muda watu wakaanza kukiwekea mabawa na vinyago. Kuvimba hakujaanza leo.

Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ikaja na taa za tahadhari badala ya geji za oili na chaji. Rahisi kutengeneza, ila taa ya oili inawaka presha ikiwa imeshaporomoka, vyuma vinasagana. Madereva wa Marekani wakazibatiza jina la dharau, taa za wajinga.

Waliogoma hasa ni vijana wa California, ambao majina yao mengi hayajulikani. Baada ya vita kuisha 1945, walichukua Ford chakavu za 1932, wakafunga geji za Stewart-Warner, wengine zile za ndege za jeshi zilizouzwa kama mabaki, wakaenda kukimbizana kwenye ziwa kavu la El Mirage. Injini waliijenga kwa pesa ya mfukoni. Ikinoki jangwani, imekula kwako.

Japani ya miaka ya 90 ikaongeza turbo, na hapo geji ya presha ya turbo ikawa lazima, maana presha ikizidi pistoni zinayeyuka. Mwaka 1999 Nissan yenyewe ikaweka skrini ya vipimo hivyo ndani ya Skyline GT-R R34. Magari ya kizazi hicho ndiyo yaliyovuka bahari kuja kwetu yakiwa yametumika.

Sasa njoo kwenye gari lako la zamani. Magari mengi kuanzia miaka hiyo mshale wa joto umefundishwa kukaa katikati, joto liwe 80 au 100, dereva asipate presha. Geji ya kuongeza inakupa namba yenyewe. Lakini ikifungwa ovyo, nayo inadanganya.

Waya kwa kawaida ni nne: umeme unaokuja ukiwasha swichi, hasi, taa, na waya wa sensa. Fyuzi siyo hiari. Sensa na geji lazima viwe vya familia moja: VDO ya presha ya oili inatumia omu 10 hadi 180, Stewart-Warner 240 hadi 33, tena kinyumenyume. Ukichanganya, mshale utacheza vizuri tu na kila namba itakuwa uongo. Kosa jingine la mafundi ni kuzungushia tepu ya mabomba kwenye nyuzi za sensa ya waya mmoja. Sensa hiyo inapata hasi kupitia chuma cha injini, tepu inaikatia.

Kusoma ndiko rahisi. Gari likiunguruma, volti ziwe kama 13.5 hadi 14.5, zikishuka hadi 12, altaneta hailishi betri. Oili, wazee wa mbio wanahesabu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Geji ya turbo kwenye gari lisilo na turbo? Hiyo ni saa ya ukutani.

Pesa ikitosha moja tu, chukua ya maji. Na ukiona joto limeshuka ghafla huku harufu ya kuungua inakuja, usishangilie. Huenda maji yameisha na sensa inapima hewa. Vuta pembeni, zima gari hapo hapo, na usifungue rejeta mpaka ipoe.