Tangi la matumbawe nyumbani: vipimo vyake vilitoka wapi?

Leo tuweke msimbo kando kidogo. Tangu nilipotaja hapa kwamba nina tangi la maji ya chumvi sebuleni, wasomaji kadhaa wameuliza swali moja: nikitaka tangi la matumbawe la kutengenezewa na fundi, nimwambie vipimo gani? Swali ni fupi lakini jibu lina historia ndefu, na bila historia hiyo utaishia kunakili vipimo vya dukani.

Kwanza tuelewane maneno. Urefu ni kutoka kushoto hadi kulia. Upana ni kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Kimo ni kutoka chini hadi juu. Fundi wa vioo atakuuliza namba hizo tatu tu, atakata, atagundisha, na silikoni ikishakauka basi. Hakuna toleo la pili, hakuna kurekebisha usiku wa manane.

Wenzangu wa tarakilishi mnajua jinsi namba inavyoweza kuishi kuliko sababu yake. Mwaka 1928 IBM walitoa kadi ya kutoboa yenye safu 80. Kadi zimekwenda zamani, lakini hadi leo kuna watu wanakatiza mstari wa msimbo ukifika herufi 80. Matangi ya samaki nayo ni hivyo hivyo.

Mwanzo hasa ni mwanamke wa Kifaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyeanza maisha kama mshonaji nguo kisha akahamia Messina, kisiwani Sicily. Mwaka 1832 alikuwa akitumia masanduku ya kioo kumchunguza argonauta, ndugu wa pweza mwenye ganda, na kwa njia hiyo akathibitisha kwamba mnyama huyo hujitengenezea ganda lake mwenyewe. Sanduku lilikuwa chombo cha utafiti. Ukubwa wake ulifuata mnyama, si sebule.

Wa kwanza ninayemhesabu kama mwenzetu wa matumbawe ni Anna Thynne, mke wa kasisi wa London. Mwaka 1846 alichukua matumbawe madogo ya maji baridi huko Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake mjini na kuyaweka hai karibu miaka mitatu. Pampu hakuwa nayo. Kilichokuwepo ni mtumishi aliyesimama karibu na dirisha lililo wazi na kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku, kiasi cha nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Mkumbuke mtumishi huyo, nitarudi kwake stima itakapopotea.

Mwaka 1845 Uingereza ilifuta ushuru wa kioo, na kioo kikawa rahisi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake cha The Aquarium. Ghafla kila nyumba yenye pesa ilitaka bahari mezani, na hapo ndipo mambo ya vipimo yalipogeuka: tangi likawa picha ya kutundikwa machoni pa mgeni. Picha inataka urefu na kimo. Upana wa picha hauulizwi na mtu.

Sasa tufike kwenye fizikia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapomwagikiwa na maji. Mwaka 1586, karne mbili na nusu kabla ya masanduku ya Messina, mwanahisabati Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alionyesha kwamba msukumo wa maji kwenye sakafu ya chombo hutegemea kina chake, si wingi wake. Maana yake ni kwamba ukiongeza upana wa tangi kutoka sentimita 50 hadi mita 5, kioo cha mbele hakitajua. Lakini ongeza kimo na kioo kitajua mara moja, tena mara mbili: msukumo unakuwa mkubwa zaidi, na eneo unaosukuma linakuwa kubwa zaidi. Kimo kikizidishwa kwa mbili, nguvu kwenye kioo cha mbele inazidishwa kwa nne.

Nipige hesabu. Chukua matangi mawili, kila moja la lita 450. La kwanza lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 75. La pili lina urefu ule ule wa 120, lakini upana ni 75 na kimo ni 50. Maji ni yale yale, gharama ya chumvi ni ile ile. Tangi la kwanza likijaa, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 346. La pili, kilo 154. Yaani umelilaza tu sanduku ubavu na mzigo wa kioo umepungua kwa zaidi ya nusu.

Mafundi wa karne ya 19 walilijua hilo mikononi mwao. Matangi yao yalikuwa ya fremu ya chuma, vioo vikishikwa kwa puti, na puti haipendi msukumo. Tena chuma na maji ya chumvi ni maadui: fremu inaliwa na kutu, na madini yanayoingia majini yanaua wanyama wasio na uti wa mgongo, matumbawe yakiwa ya kwanza. Ndiyo maana kwa miaka mia moja hivi bahari ya nyumbani ilikuwa kazi ya wachache wenye subira. Anayestahili sifa katika kipindi hicho ni William Alford Lloyd, ambaye katika jengo la maonyesho la Crystal Palace, London, mwaka 1871, aliweka chini ya sakafu hifadhi ya maji yenye giza, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho, na kuyazungusha maji kati ya juu na chini. Tangi la chini ambalo wewe utaliweka kabatini ni mjukuu wa wazo hilo. Lloyd alielewa kwamba si lazima maji yote yawe yale yanayoonekana.

Kisha vikaja vitu viwili kwa pamoja. Kampuni ya Pilkington ilitangaza mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo juu ya bati iliyoyeyuka ili kitoke laini na sawa, na katika miaka ya 1960 gundi ya silikoni ikaanza kutumika kuunganisha kioo kwa kioo bila fremu. Chuma kikatoka majini. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa tayari ameandika katika jarida moja la Marekani jinsi alivyokuwa akiweka matumbawe kwa mawe hai kutoka baharini, jua na viputo vichache vya hewa. Silikoni ikayafungulia mawazo kama yake milango ya nyumba za watu.

Viwanda vya Marekani viliposhika kazi, vipimo viliganda. Tangi la galoni 55, ambalo wengi wameanza nalo, ni futi 4 kwa urefu, inchi 21 kwa kimo, na upana wa inchi 13 tu, kama sentimita 33. Taa ya tyubu ya futi 4 ilitoshana nalo vizuri, ukuta wa sebule pia. Kwa samaki wa maji baridi wa kuangaliwa, sawa. Kwa mwamba wa matumbawe ni kichochoro. Panga mawe ndani yake na utapata ukuta ulioegemea kioo cha nyuma, maji yasiyopita, na kitambaa cha kusafishia kisichopata nafasi kati ya jiwe na kioo. Maoni yangu ni kwamba kipimo hicho kimeua matumbawe mengi kuliko magonjwa.

Mabadiliko yalitoka Ulaya. Kule Berlin akina Dietrich Stüber, wakifuata njia iliyosukumwa na mwandishi Peter Wilkens, walikuza matumbawe magumu ya aina ya Acropora kwa mawe hai, mashine ya kutoa uchafu kwa povu, maji ya chokaa na taa kali za metali halidi. Mwaka 1986 Mholanzi George Smit aliandika mfululizo katika jarida la FAMA uliowafanya Wamarekani waone kwamba mwamba mdogo nyumbani unawezekana. Lakini ukitaka kuelewa vipimo, iangalie ile taa. Tyubu hutupa mwanga kwenye ukanda mwembamba. Metali halidi hutupa duara, na wafugaji wakawa na kanuni kwamba taa moja hutosha mraba wa futi mbili kwa mbili. Kanuni hiyo ndiyo iliyolipa sifa tangi la galoni 120: futi 4 kwa 2 kwa 2, miraba miwili kamili, taa mbili. Hapo upana ulipata sababu ya kuwepo kwa mara ya kwanza. Wengine bado wanaagiza sentimita 120 kwa 60 kwa 60 wakidhani ni sheria ya bahari, kumbe ilikuwa sheria ya balbu.

Leo wengi wametumia taa za LED kwa miaka zaidi ya kumi, na hizo unazipanga upendavyo. Balbu haikufungi tena. Kinachobaki ni Stevin, mkono wako na hewa.

Mkono wako: simama kando ya meza na pima kutoka kwapa hadi vidole. Tangi lenye kimo cha 75 litakulazimisha kupanda ngazi na kulowa bega kila tumbawe likianguka. Hewa: oksijeni huingia kupitia uso wa maji, yaani urefu mara upana. Lile tangi la kimo cha 75 lina uso wa mita za mraba 0.6, lile lililolazwa lina 0.9. Pampu zikifanya kazi tofauti hiyo haikusumbui. Stima ikipotea saa tano usiku, uso wa maji ndio mtumishi wa Anna Thynne uliye naye, na hakuna mwingine.

Kwa anayependa kimo, mwaka 2022, tarehe 16 Desemba, tangi la mnara wa AquaDom katika hoteli mjini Berlin lilipasuka alfajiri. Lilikuwa na maji lita milioni moja na samaki kama 1,500, karibu wote wakafa. Lilikuwa la plastiki ya akriliki, si kioo chetu, na la urefu wa ghorofa kadhaa. Silifananishi na la sebuleni. Nataja tu kwamba lilikuwa zuri sana kwa macho.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza kuhusu lita 450 hivi: mimi ningemwambia fundi 120 kwa 75 kwa 50. Kabla ya hapo pima milango, na uliza mtu anayejua majengo kuhusu sakafu ya ghorofa yako, maana maji peke yake ni kilo 460, na ukiongeza vioo na mawe unapita nusu tani. Kama unataka kangaja wa buluu wa pwani yetu, yule mwenye mgongo wa manjano, 120 haimtoshi. Huyo hupita sentimita 20 na huogelea mchana kutwa. Mpe urefu wa 180, na kimo kiache kwenye 50.