Rondo (Saint Paul)

Rondo ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Jina limetokana na Joseph Rondeau, mfanyabiashara wa ngozi mwenye asili ya Kanada.

Kati ya miaka 1956 na 1968 barabara kuu I-94 ilijengwa ikipita katikati ya mtaa. George Herrold, mhandisi wa mipango ya mji, alikuwa amependekeza njia nyingine kaskazini zaidi, kando ya reli, ambako nyumba ni chache, hakusikilizwa. Mamia ya familia walibomolewa nyumba, na ubaguzi ukawazuia wengi kununua kwingine. Meya Chris Coleman aliomba radhi mwaka 2015. Tamasha la Rondo Days lilianza mwaka 1983.