Majina Yaliyomo Ndani ya Mwamba

Madini mapya yanapogunduliwa, wanaoyaeleza kwa mara ya kwanza ndio wanaopendekeza jina. Huonyesha yameundwa na nini na fuwele zake zimejipangaje. Jina likishakubaliwa, huingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima na ni nadra kubadilishwa. Hapa tunatazama madini mawili ya volkano za kwetu, yaliyopewa majina katika muda wa miaka sita tu.

Ya kwanza ni gotzeniti. Yalielezwa mwaka 1957 kutoka Shaheru, volkano iliyozimika ubavuni mwa Nyiragongo, katika nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Jina linamkumbuka Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894. Kwa wanajiolojia huyu ni msafiri. Kwa waliosoma historia ya Tanzania ni gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905 akiwa madarakani, na majeshi yake yalichoma vijiji, mashamba na akiba za chakula. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa, wengi wao kwa njaa.

Ya pili ni nyerereiti, yaliyopata jina mwaka 1963. Yanatoka Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Lava yake haina mfano. Lava ya kawaida hutoka na joto la nyuzi 1,000 au zaidi. Hii hutoka na nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyeusi na nyepesi kama maji ya matope. Imejaa kaboneti ya sodiamu, yaani ni ndugu wa magadi ambayo bibi zetu hutia katika maharage ili yaive upesi. Ikipata unyevu wa hewa au mvua, hugeuka nyeupe kwa muda mfupi, na nyerereiti iliyomo huharibika. Kwa hiyo sampuli zake hazina budi kuhifadhiwa pakavu.

Kati ya 1957 na 1963 Kongo ilipata uhuru, kisha Tanganyika, na Julius Nyerere akawa rais. Walioyaeleza madini yote mawili walikuwa wanasayansi wa nje. Lakini wa 1957 walitafuta jina katika habari za wapelelezi wa Kizungu, na wa 1963 walilipata kwa kiongozi wa nchi yenye mlima. Kemia haikuamua hilo. Siasa ndiyo iliyobadilika.

Sisi tunaosoma Kiswahili ugenini tumezoea kubishana kuhusu majina ya mitaa na sanamu. Ya madini hayaonekani barabarani, lakini yanafundishwa hata leo. Hatudai gotzeniti ifutwe. Tunachotaka ni kwamba mwalimu akilitaja jina hilo darasani, aitaje na Maji Maji. Na wenzetu wa jiolojia wakumbuke: Bonde la Ufa bado lina miamba mingi, na atakayeeleza madini yajayo ndiye atakayependekeza jina.