Mawe Yasomekayo Bila Kueleweka: Magofu ya Naqa na Somo Lake kwa Walimu wa Lugha

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii sisi walimu wa Kiswahili huifundisha mara kwa mara, na pengine huitumia kumnyamazisha mwanafunzi mwenye maswali mengi. Mimi nilikuja kuielewa upya nilipokuwa nimesimama mbele ya ukuta wa mawe katika jangwa la Sudani. Ukuta huo ulikuwa na maandishi ambayo wataalamu wa leo wanaweza kuyasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, lakini maana yake hawaijui ila kwa maneno machache tu. Katika makala haya nakusudia kumwongoza msomaji katika magofu hayo, kisha tujiulize pamoja yana funzo gani kwetu sisi tuliochagua kazi ya kufundisha lugha.

Swali la darasani

Nafundisha Kiswahili katika mtaa wa New Site, hapa Juba. Wanafunzi wangu huzungumza Kiarabu cha Juba wanapokuwa barabarani, na nyumbani wengine husema Kibari, wengine Kidinka, wengine Kinuer. Wengi hueleza kwamba wamekuja kujifunza Kiswahili kwa sababu nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, nao hawapendi kuwa mabubu miongoni mwa jirani zao.

Siku moja tulisoma kifungu cha ufahamu kuhusu watalii waliokuwa wakitembezwa katika magofu ya Roma ya kale. Tulipomaliza kujibu maswali, binti mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hao Warumi walipata kufika kwetu?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana binti huyu alikuwa ameuliza jambo lenye jibu katika historia.

Jibu ni kwamba walikaribia. Mnamo mwaka 61 B.K. hivi, Kaisari Nero aliwatuma askari kutafuta chimbuko la mto Nile. Mwanafalsafa Seneca, aliyekuwa mwalimu wa Nero, aliandika kwamba alisikia habari za safari hiyo kutoka kwa maakida wawili walioshiriki. Walisema kwamba mfalme wa nchi iliyo kusini mwa Misri aliwapa msaada na kuwatambulisha kwa wafalme waliopakana naye. Hatimaye walifika kwenye vinamasi vikubwa ambavyo hata wenyeji hawakujua mwisho wake. Maji na majani yalikuwa yamesokotana hata mtu asiweze kupita kwa miguu, wala kwa chombo ila mtumbwi mdogo wa kubeba mtu mmoja. Wataalamu wengi wanakubali kwamba vinamasi hivyo ni Sudd, ambayo iko kaskazini ya Juba. Kwa hiyo yaelekea kwamba Roma, iliyotawala kutoka Uingereza hadi Misri, ilikomea kwenye mafunjo yetu.

Msomaji aangalie jambo moja. Safari ile yenyewe ilikuwa ya kuongozwa. Warumi hawakufika Sudd kwa nguvu zao tu, bali kwa hisani ya mfalme mwenyeji na watu waliojua njia. Jina la Nero tunalo, na la Seneca tunalo. Mfalme yule Seneca hakumtaja kwa jina, na wale walioonyesha njia hawakutajwa kabisa.

Binti yule hakutosheka. Aliuliza tena, "Na wenyeji je, wao waliandika nini juu ya Warumi?" Hapo ndipo nilipoikumbuka safari yangu ya Naqa.

Katika magofu ya Naqa

Naqa ni mahali palipo kaskazini-mashariki ya Khartoum, ndani ya jangwa, mbali kidogo na mto. Palikuwa mji wa ufalme wa Kushi, ambao makao yake makuu yalikuwa Meroe. Mwaka 2011 magofu ya Meroe, Naqa na Musawwarat es-Sufra yaliandikwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mimi nilifika huko mwaka 2018, amani ilipokuwa ingaliko katika sehemu hizo.

Aliyetutembeza alikuwa mzee mlinzi, mwenye kanzu nyeupe na fimbo. Alipojua kazi yangu, akawa akiniita "ustadhi" mpaka tukaagana. Kwanza alitupeleka kisimani, ambako wafugaji walikuwa wakiteka maji kwa kamba ndefu iliyovutwa na punda. Kutoka hapo alituonyesha hekalu la Apedemak, mungu mwenye kichwa cha simba. Mbele ya hekalu wamechongwa Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore, waliotawala katika karne ya 1 B.K. Mfalme yuko upande mmoja na malkia upande wa pili, kila mmoja ameinua silaha juu ya maadui aliowakamata. Malkia ana kimo sawa na mfalme, wala hakuwekwa nyuma yake. Akina mama waliokuwa katika kundi letu walilitazama jambo hilo kwa muda mrefu.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo dogo ambalo vitabu vya wageni huliita "kibanda cha Kirumi". Madirisha yake yana matao kama ya Roma, na vichwa vya nguzo zake vimepambwa kwa majani kwa mtindo wa Kiyunani. Lakini juu ya mlango kuna nyoka na duara la jua kama katika mahekalu ya Misri. Mzee alitwambia kwamba wageni huuliza kila mara kama Warumi ndio waliolijenga. Naye huwajibu kwamba Warumi hawakujenga kitu hapa. Waliojenga ni watu wa Naqa, waliochukua walichokipenda wakaacha wasichokitaka.

Maneno yake yalinifurahisha, kwani ndivyo lugha zinavyofanya. Mswahili alilichukua neno "kitabu" kutoka kwa Mwarabu, lakini hakuuchukua wingi wake. Aliliingiza neno hilo katika ngeli yake akasema "vitabu", na tangu siku hiyo likawa lake. Anayekiita Kiswahili lugha ya kigeni kwa sababu ya maneno yake ya mkopo ni sawa na mtu anayeliita jengo la Naqa la Kirumi kwa sababu ya matao yake.

Kisha nikamwonyesha mzee maandishi yaliyochongwa ukutani, nikamwuliza yanasema nini. Alicheka akasema, "Soma wewe, ustadhi. Wewe ndiwe mwalimu." Nami sikuwa na la kusema.

Vita vilivyosimuliwa na upande mmoja

Watu wa Kushi na Warumi walipata kupigana. Roma ilipoitwaa Misri mwaka 30 K.K., mipaka ya mataifa haya mawili ilikutana. Mnamo mwaka 25 K.K. hivi majeshi ya Kushi yaliishambulia Aswan pamoja na visiwa vya Elephantine na Philae, yakaziangusha sanamu za Kaisari Augustus. Liwali wa Misri, Petronius, alilipiza kisasi. Alikwenda kusini mpaka Napata, akauteketeza mji huo, kisha akaacha askari 400 katika ngome ya Primis. Aliyeongoza upande wa Kushi alikuwa malkia mwenye cheo cha Kandake, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa Amanirenas. Yeye alirudi na jeshi kuikabili ngome ile, na mwisho pande zote mbili zikakubali kusemezana. Wajumbe wa Kushi walipoambiwa waende kwa Kaisari, walijibu kwamba hawamjui Kaisari ni nani wala wapi pa kumpata. Basi Petronius akawapa watu wa kuwasindikiza mpaka kisiwa cha Samos, ambako Augustus aliwasamehe kodi waliyokuwa wametozwa.

Habari hizi zote tunazipata kwa Strabo, Myunani aliyekuwa rafiki wa liwali mmoja wa Kirumi. Je, Kushi yenyewe ilisemaje? Yapo mambo mawili yaliyofukuliwa na Mwingereza John Garstang. La kwanza ni kichwa cha sanamu ya shaba cha Augustus, kilichopatikana Meroe mwaka 1910. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu, na wengi huamini kilizikwa hapo makusudi ili kila aingiaye amkanyage Kaisari. La pili ni jiwe kubwa la maandishi lililopatikana Hamadab, karibu na Meroe, mwaka 1914. Ndani yake yamesomwa majina ya Amanirenas na mwana wa mfalme Akinidad. Wapo wanaodhani kwamba jiwe hilo linasimulia vita vile vile. Vitu vyote viwili vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Kichwa cha Augustus kila mtu anakielewa. Jiwe halijaeleweka mpaka leo, na kwa hiyo shahidi wa pili wa vita hivyo yupo, amesimama mbele ya hakimu, anasema, wala hakuna mkalimani.

Lugha iliyokosa mwalimu

Maandishi ya Meroe yana alama 23 hivi. Mtaalamu Francis Llewellyn Griffith alitambua sauti zake mnamo mwaka 1911, na tangu hapo majina ya wafalme, miungu na miji yamesomeka. Wachunguzi wa lugha wanaona kwamba Kimeroe ni jamaa ya lugha za Kinubi, na kwa ujamaa wa mbali zaidi huenda kinahusiana na Kibari, Kidinka na Kinuer, zile lugha ninazozisikia kila siku New Site. Hata hivyo, ufalme ulipoanguka katika karne ya 4 B.K., lugha ilikosa wa kuirithi. Watu waliendelea kuishi na kuzaa, ila hakuna aliyeendelea kufundisha.

Sasa tuitazame Roma. Dola yake ya magharibi nayo ilianguka, na majumba yake yakawa magofu. Lakini katika karne ya 4 alikuwako mwalimu wa sarufi aliyeitwa Donatus, na kitabu chake kidogo cha sarufi ya Kilatini kilitumika mashuleni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ndiyo maana leo anayetembeza watalii Roma anaweza kuelekeza kidole kwenye paji la jengo la Pantheon akawasomea kwamba aliyejenga ni Agripa, kisha akawasahihisha kwa kuwaambia kwamba jengo la sasa ni la wakati wa Hadrian. Mawe ya Roma hayana ulimi kuliko mawe ya Naqa. Tofauti ni kwamba Kilatini kilipata walimu.

Na kwetu pwani? Nilipokuwa nikisomea ualimu Kenya, tulitembelea magofu ya Gedi karibu na Malindi, mji ulioachwa katika karne ya 17, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Tuliona kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 B.K. Aliyetutembeza alitaja kila kitu kwa jina lake: mihirabu, kidaka, kisima, ukumbi. Mtoto wa shule aliyekuwa akichunga mbuzi pale nje angeweza kuyataja vivyo hivyo, maana anayatumia nyumbani kwao. Kuta za Gedi zimebomoka, lakini maneno yake yangali yanakaliwa na watu.

Deni letu

Hapa sina budi kukiri jambo. Bibi yangu mzaa mama alizoea kuimba kwa Kibari alipokuwa akisaga nafaka. Mimi nililelewa ukimbizini, nikakua kwa Kiswahili na Kiingereza. Nyimbo zake ningali nazikumbuka, na naweza kuziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maana ya maneno mengi siijui, na bibi amekwisha kufariki. Kwa Kiswahili mimi ni mwalimu. Kwa lugha ya bibi yangu ni kama yule mtaalamu asomaye ukuta wa Naqa. Kwa hiyo nisingependa Kiswahili ninachokifundisha kiwe mchanga wa kuzifunika lugha za wanafunzi wangu.

Tangu binti yule aulize swali lake, nimeanzisha zoezi moja ambalo naliweka mbele ya walimu wenzangu. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja hututembeza. Hututoa nje ya darasa akatuonyesha kitu kimoja, iwe kinu, mti, au kizingiti cha nyumba. Hukitaja kwa lugha ya kwao, akaeleza matumizi yake kwa Kiswahili, nasi sote tukaandika maneno yote mawili daftarini. Asiyelijua neno la kwao hupewa juma zima amwulize mzee. Binti yule alileta neno la Kibari la jiwe la kusagia. Nililiandika polepole kuliko wote.

Magofu yenyewe hayana dhamana. Vita vilivyoanza Sudani mwezi wa Aprili 2023 vimewafukuza watalii, na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa. Yule mzee wa Naqa sijui yuko wapi.

Wasomaji wengi wanaikumbuka ile habari ya Matendo ya Mitume, ya towashi mwenye mamlaka chini ya Kandake, yaani mtu wa Meroe. Alikuwa amekaa garini akisoma kwa sauti, na Filipo akamwuliza kama anafahamu anachokisoma. Naye alijibu kwa kuuliza atawezaje kufahamu, asipopata mtu wa kumwongoza. Ndipo akamwalika Filipo apande, akaketi pamoja naye.